Ndoo Mbili za Maji

Mapumziko ya fundi wa zege hayapangwi na fundi, yanapangwa na zege. Likishamwagwa linataka kumwagiliwa maji na kuachwa lishike, na aliyelimwaga hana la kufanya ila kwenda kulala. Ndiyo maana siku hiyo yule fundi ambaye watu walimzoea kwa jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, kwa kuwa hajawahi kusimamisha ukuta ukainama, aliamka saa tatu asubuhi, mara ya kwanza kwa miezi miwili. Kesho yake alikuwa anaanza kazi nyingine upande wa pili wa mji. Leo ilikuwa yake.

Mkewe alikuwa ameshahamisha pasi na rundo la nguo ili kochi liwe wazi.

"Karibu mgeni," akamwambia. "Hapa ni sebuleni. Choo kiko kule nyuma, kama umesahau."

"Umeshaanza."

"Sijaanza, baba watoto. Nikianza utakimbilia kwenye kokoto zako."

Timazi akacheka, akanywa chai, akajinyoosha. Watoto walikuwa shule. Nyumba kimya, feni inazunguka, hakuna anayemwita. Raha kama hiyo watu huilipia, yeye kaipata bure, na bado haikumwingia. Akalala ubavu wa kulia, akageukia wa kushoto. Kila akifumba macho aliona zege likitoka kwenye mashine jepesi kama uji.

Jana walikuwa wanamwaga sakafu ya ghorofa ya kwanza kwa nesi mmoja mstaafu. Timazi ana sheria moja: maji yanapimwa kwa ndoo, na ndoo anaijaza mwenyewe. Zege gumu linachosha mikono kulisambaza, lakini ndilo linaloshika. Likizidi maji linateleza vizuri, vibarua wanakushukuru, halafu linakuwa chaki. Hilo alilijua kabla hajaota ndevu. Lakini jana jioni kilibaki kibaraza cha juu tu, kile kinachoning'inia nje ya ukuta. Vijana hoi, mwenye mashine anaangalia saa, na asipomaliza siku hiyo basi mapumziko ndiyo hayo yameruka. Mwendesha mashine akauliza, "Bosi, niongeze?" Naye, Timazi, akajibu, "Ongeza mbili, tumalize."

Ndoo mbili. Kwa ajili ya kochi hili.

"Unaumwa?" mkewe akauliza. "Kochi limeanza kukuogopa."

"Siumwi."

"Basi umeua mtu."

"Bado," alisema Timazi, akaketi. Mkewe aliacha kucheka.

Akamweleza. Mkewe alisikiliza na shati mkononi, kisha akauliza swali moja tu: "Kibaraza kitaanguka?"

"Labda kisianguke miaka kumi. Labda kianguke siku watu wamejaa juu yake. Leo zege bado ni bichi, ninalivunja kwa nyundo. Nikingoja wiki, itabidi nikodi mashine, na mtaa mzima utasikia."

"Sasa mbona bado umekaa?"

Alimkuta nesi anamwagilia sakafu yake kwa mpira, suruali imekunjwa hadi magotini. Timazi alitoa msumari akakwaruza katikati ya sakafu. Msumari ukateleza, ukaacha alama nyembamba nyeupe. Akaenda kibarazani, akakwaruza tena. Msumari ukazama, ukatoka na unga. Hapo hata mtoto angejua jibu.

"Mama, funga maji kwanza," akasema. "Hiki kibaraza nakivunja."

Nesi alifunga maji. "Kina nini?"

"Nilizidisha maji. Mimi, si vijana."

"Na ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua."

Mama yule alitazama pale ambapo wajukuu zake walikuwa waje kucheza, akashusha pumzi. "Saruji ya kurudia ni ya nani?"

"Yangu. Na vibarua wangu. Nondo zinabaki, hizo hazina kosa."

"Na ule ukuta wa uzio niliokuahidi uujenge?"

Timazi alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. "Ule si uko palepale, mama?"

"Hauko palepale, fundi. Nitafikiri."

Alijaribu kupatana. Akatoa hiki, akapunguza kile, akaahidi kuusimamia mwenyewe tangu msingi. Nesi hakupandisha wala hakushusha, alirudia tu kwamba atafikiri. Mwisho Timazi akaomba jambo dogo: "Basi hili libaki baina yetu."

"Sitalitangaza. Ila nikiulizwa, sitadanganya."

Timazi akavua shati, akachukua nyundo. Pigo la kwanza likatoa sauti ya kitu kilichooza. Alikuwa amevunja robo hivi ya kibaraza, mara dirisha la nyumba ya pili likafunguliwa. Aliyechungulia alikuwa mwalimu, jirani wa nesi, ambaye wiki iliyopita tu alimwita Timazi akampimie chumba cha kuongeza.

"Fundi! Si mmemwaga jana tu? Unavunja nini?"

Uongo ulikuwepo, tena mzuri: mwenye nyumba kabadilisha ramani. Nesi alikuwa amesimama palepale na mpira wake, anamtazama.

"Kazi yangu ilikuwa mbovu, mwalimu," alisema Timazi. "Nilizidisha maji."

Mwalimu alitazama nyundo, akatazama kibaraza. Halafu akasema, "Aha," akalifunga taratibu, kama anayefunga ili asimwamshe mtu.

Timazi akatemea viganja, akapiga tena.