Mwalimu Mkuu wa Rangi ya Bilinganya

Pale kwenye duka la uchapaji walimwita Milimita, kwa kuwa mstari ukihama kidogo tu kwenye ukurasa, yeye aliuona akiwa bado mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa kwenye kompyuta. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na moja, muda ambao bosi aliuona ni mfupi mno kwa mtu kuulizwa ushauri.

Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya wasichana alikuwa anastaafu, na shule ikaagiza kijitabu cha maisha yake, chenye picha yake kwenye jalada. Kwenye skrini mama huyo alipendeza, uso wa kahawia uliokolea, wenye afya. Nakala ya majaribio ilipotoka kwenye printa, alikuwa zambarau.

Bosi alimwita shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye hapo dukani alijulikana kama Daktari kwa sababu aliwahi kuhudhuria semina ya kompyuta ya siku mbili, na siku ya pili aliondoka mapema. Daktari alizima kompyuta akaiwasha, mara tatu, kwa utulivu wa mpasuaji. Kisha akaagiza wino mpya. Wino mpya ukatoa zambarau mpya. Mwishowe akaongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, akatangaza kuwa tatizo limekwisha. Kwa kweli kwenye skrini mwalimu alizidi kung'aa. Ubaya ni kwamba watu hawagawiwi skrini kwenye sherehe.

Milimita alisema huenda kasoro iko kwenye mipangilio ya rangi. Bosi akamjibu kwamba mambo ya kitaalamu huachiwa wataalamu.

Siku iliyofuata mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Bosi alimwonyesha jalada, akamweleza kwa upole kwamba kamera za siku hizi zinaona mengi. Mama akaliweka jalada karibu na shavu lake.

"Mwanangu," alisema, "nina miaka sitini ya kujitazama kwenye kioo. Sijawahi kuwa bilinganya."

Bosi akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga nje. Daktari akamfuata, pengine kumshikia simu.

Milimita akamvutia mama kiti. Kwanza aliitoa picha ileile kupitia programu nyingine. Ikatoka sawa. Basi wino na printa havikuwa na kosa, na aliomba moyoni msamaha kwa chupa za wino zilizotupwa. Akarudi kwenye programu ya kurasa, akawa anabadilisha jambo moja tu kila mara, anatoa karatasi, anaandika nyuma yake kwa penseli alichobadilisha, kisha anaiweka kando ya uso wa mama. Mama alikaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Kwenye karatasi ya saba wakalipata kosa. Programu ilikuwa inazigeuza rangi ili ziendane na printa, na printa nayo, bila kujua kwamba kazi imeshafanyika, ilikuwa inazigeuza tena. Uso ulipikwa mara mbili. Aliizuia printa isigeuze rangi, akaiachia programu peke yake. Karatasi ya nane ikatoka na mwanamke wa kahawia, mwenye makunyanzi mawili kwenye paji la uso.

"Huyu namfahamu," mama alisema.

Bosi aliporudi alifurahi sana, akampongeza Daktari kwa kuelekeza kazi vizuri. Milimita akazikusanya karatasi zake nane. Vijitabu vilikuwa vinasubiri, akaenda kuvichapa.

Kabla hajakabidhi ofisi, mwalimu mkuu alimwandikia Milimita barua, akimwomba awafundishe wasichana wa shule kupanga kurasa kila Jumamosi. Daktari alipopata habari alijitolea kusaidia. Mama alimuuliza swali moja tu, kwamba rangi ikigeuzwa mara mbili hutokea nini. Daktari akasema inategemea na kompyuta yenyewe.

Milimita alianza na wanafunzi tisa. Somo la kwanza aliwapa penseli kila mmoja, akawaambia wasibadilishe mambo mawili kwa mpigo.