Mkalimani Alikuwepo

Mtu akikuambia kwamba kujiandaa kuingia chuo cha udaktari huku Marekani ni suala la akili tu, mwambie anyamaze. Isimbi, binti wa Bamurange wa mtaa wa Black Rock pale Buffalo, akili alikuwa nazo za kugawia watu. Kemia ya kaboni, ile iliyowafanya nusu ya wenzake waage ndoto ya udaktari wakaenda kusomea biashara, yeye aliimeza kama uji. Fizikia vilevile. Lakini mfungulie ukurasa wenye mchoro wa moyo wa binadamu, ule wenye vyumba vinne na mishipa ya buluu na nyekundu, hapo umempata. Mstari mmoja anausoma mara sita. Na nyuma yake, ndani ya maktaba ya chuo, saa nne asubuhi jua likiwa limewaka, anasikia ndara zinaburuzwa sakafuni: shwa, shwa, shwa. Zilikuwa ndara za bibi yake, Rakeli, aliyefariki miaka saba nyuma katika mji wa Louisville.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mama yake angeita watu wa kanisa waje kumwombea mpaka jioni. Mshauri wa chuo, yule mama mwenye miwani ya kamba aliyewaongoza wanafunzi wanaotaka udaktari, angemwandikia rufaa ya kwenda kuzungumza na mtaalamu. Basi akanyamaza, akasoma na ndara zake masikioni.

Nyumbani kila mtu alijua kwamba Isimbi atakuwa daktari. Halikuwa jambo la kujadiliwa. Bibi Rakeli mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo siku zake za mwisho: munganga, ndivyo watu wa Kivu, kule Kongo, wanavyomwita daktari. Wakati ule Isimbi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alimpelekea bibi kidonge kimoja cheupe na glasi ya maji, na bibi akishameza alimshika shavu na kusema, "Aksanti, munganga wangu." Wiki nane alisema hivyo. Halafu, Jumapili moja ya Novemba mwaka 2008, akiwa tayari amevaa nguo ya kanisa, akaanguka jikoni. Karatasi ya hospitali ikasema ni mshtuko wa moyo.

Kisa cha kifo hicho Bamurange alikuwa amekisimulia mara nyingi kiasi kwamba kilikuwa na mapigo yake, kama ushuhuda. Alikisimulia msibani, akakisimulia walipohamia Buffalo na kununua ile nyumba ya bei ya chini karibu na mto, akawasimulia hata wenzake wa kiwandani kule Tonawanda. "Mama yangu alienda kwa munganga na ugonjwa wa roho," alikuwa akisema, "banamupatia dawa ya huzuni! Hakukuwa mkalimani. Hata mumoja! Donc, nani alimusikiliza? Hakuna." Watu waliguna na kutikisa vichwa. Na mwisho alimwonyesha binti yake kwa kidole: "Huyu ndiye ataenda kuwasikiliza."

Isimbi alikuwa akiangalia chini. Watu walidhani ni adabu.

Ukweli ni huu, na uwekwe wazi tusizungushane. Mkalimani alikuwepo. Mkalimani alikuwa Isimbi.

Siku ile ya kliniki, kule Louisville, Bamurange alikuwa na zamu, na kazi ilikuwa bado mpya, huwezi kuomba ruhusa. Akamtuma mtoto ampeleke bibi yake kliniki. Mapokezi waliuliza kama wanahitaji mkalimani kwenye simu, na Isimbi, mwaka mmoja tu na miezi michache nchini, tayari akizipata alama za juu, akanyoosha mgongo na kujibu, "No. I speak English." Jamani, mtoto na majivuno yake! Wakaingia. Bibi, ambaye mambo ya ofisi na hospitali siku zote aliyasema kwa Kiswahili, si kwa lugha ya nyumbani, akamwangalia daktari akasema, "Roho inaniluma."

Sasa hapo ndipo penyewe. Kwa watu wa milima ya Kivu ya Kusini, roho ni roho. Kile kinachodunda kifuani kinaitwa roho, na kile kinacholia ukikumbuka waliokufa kinaitwa roho. Na Isimbi alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote. Tangu watoroke vita, kila mwaka watu wakikaa kuwakumbuka ndugu waliouawa, wazee walisema roho inawaluma, na hakuna aliyewahi kumpeleka mzee hospitali kwa sababu hiyo. Tena shuleni, mwezi uleule, alimwambia mwalimu kwa Kiingereza kwamba moyo unamuuma kwa sababu rafiki yake amehama. Darasa likacheka. Mwalimu akamrekebisha kwa upole: huku hatusemi hivyo, tunasema nina huzuni. Mtoto akalishika somo, akalitumia.

"She is sad," akamwambia daktari.

Daktari akauliza, tangu lini? Isimbi akatafsiri. Bibi akajibu, tangu kule Burundi, kambini. Daktari akaandika, uso kwenye kompyuta. Bibi alikuwa ameweka mkono chini ya ziwa la kushoto, vidole vimetandazwa, na mkono haukutoka pale mpaka wanainuka. Isimbi aliuona. Miaka saba baadaye alikuwa bado anauona.

Msibani mtu mmoja aliuliza, kwani hakukuwa na mkalimani? Bamurange akajibu kwamba hakukuwepo. Wala hakudanganya: kwao mtoto hahesabiwi. Isimbi alikuwa amesimama pale na sinia la vikombe. Akafungua mdomo, akaufunga, na kwa kufunga ule mdomo akajitwisha mzigo.

Basi tuje mwaka 2015. Mtihani wa kuingilia udaktari ulikuwa umebadilishwa mwaka huo, ukarefushwa mpaka saa saba na nusu, na watahiniwa walitoka wakiwa hoi kama wamelima. Isimbi alifaulu. Maswali ya moyo aliyakosa karibu yote, lakini mengine yakambeba. Akakamilisha saa zake za kumfuata daktari kazini, katika kliniki moja ya East Side, hukohuko Buffalo, na daktari yule mzee alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku: mgonjwa akisema anaumwa, usikimbilie kuandika, muulize wapi, akuonyeshe kwa mkono. Kila aliposema hivyo, ndara zilianza mlangoni. Siku moja mama mmoja Mrundi aliweka mkono kifuani, na Isimbi akatoka nje akatapika kwenye theluji. Akasema amekula vibaya.

Ikabaki insha. Kila mwombaji huandika ukurasa mmoja na kidogo kueleza kwa nini anataka kuwa daktari. Isimbi aliandika juu ya sayansi, mshauri akairudisha: baridi hii, haina mtu ndani. Akaandika juu ya kambi, ikarudi tena. Hapo, kwa kuchoka, akaandika kisa cha mama yake jinsi mama yake anavyokisimulia. Bibi, kidonge, hakukuwa na mkalimani. Mshauri alivua miwani akajifuta macho. "Usibadilishe hata nukta," akasema.

Na Isimbi hakubadilisha. Aliibonyeza ikaenda kwenye vyuo kumi na moja, kisha akakaa mbele ya kompyuta akijichukia. Alikuwa amemchukua bibi yake, ambaye yeye mwenyewe alimuua kwa mdomo wake, ndivyo alivyojiambia, akamfanya tiketi.

Oktoba chuo kimoja cha Columbus kikamwita kwenye intavyu. Bamurange akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Isimbi akapanda basi, akalala kwa mjomba wake Ruhimbika, mtoto wa kwanza wa bibi Rakeli, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la kupakia mizigo. Mjomba si mtu wa maneno mengi. Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akapasha maziwa, akajaza chupa ya chai, akamwendesha hadi mlangoni. "Mi nitakuwa hapa," akasema, na akaegesha.

Aliyemsaili alikuwa daktari wa makamo, mwanamke, nywele zimekatwa chini kabisa. Insha ilikuwa mezani, imepigiwa mistari. Waliongea juu ya masomo, juu ya kliniki, vizuri tu. Kisha akagusa karatasi. "Bibi yako," akasema. "Unafikiri angekuwepo mkalimani, angepona?"

Hilo swali Isimbi alikuwa ameliandalia jibu. Alikuwa amelikariri mbele ya kioo: haki ya mgonjwa, lugha, mfumo. Akafungua mdomo atoe jibu lake. Ndara zikaja zikasimama nyuma ya kiti chake. Hazikuburuzika tena, zilisimama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake kaunta.

"Alikuwepo," Isimbi akasema. "Nilikuwa mimi."

Daktari akaweka kalamu chini. Isimbi akamweleza yote, mapokezi, roho, mwalimu, mkono chini ya ziwa.

"Ulimwambia daktari nini hasa?"

"Kwamba ana huzuni."

"Na alikuwa nayo?"

"Ndiyo," Isimbi akasema. "Alikuwa nayo pia."

"Kwa nini hukuandika hivi?"

"Kwa sababu nyumbani hatusimulii hivi."

Yule daktari akashukuru, akamsindikiza hadi kwenye ngazi. Isimbi akashuka akijua amekichoma kiti chake mwenyewe kwa kiberiti. Kwa wanaopenda kujua, niseme hapahapa: hakukichoma. Januari barua ilikuja, akakubaliwa, na kabla ya kumwonyesha mama yake alimkalisha jikoni akamwambia nani alikuwa mkalimani. Bamurange aliosha sahani ileile mara tatu. Halafu akasema, "Na nani alikutuma? Si mimi?" Na toka siku ile kile kisa hakukisimulia tena.

Lakini barua haikuwa kitu ukilinganisha na lililotokea ndani ya gari siku ileile ya intavyu.

Mjomba Ruhimbika alikuwa palepale alipoegesha. Alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Isimbi hakuipokea. Alikuwa ameshamwambia mgeni, sasa angemfichaje mtoto wa marehemu? Akamwambia mjomba yote, macho yakiwa kwenye dashibodi, akingoja afukuzwe ndani ya gari.

Mjomba akainywa ile chai mwenyewe, polepole.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mujomba?"

"Yote. Mama alinipigia simu ile siku, mumetoka tu kule, wewe umeenda kuchukua dawa. Alikuwa anacheka." Akafunga chupa. "Akaniambia, ule mutoto amesema 'sad'."

Isimbi akainua macho kutoka kwenye dashibodi. Bibi alikwenda darasa la Kiingereza wiki sita kwenye chumba cha chini cha kanisa, na nyumba nzima ilimtania kwamba alirudi na neno moja tu, "tenkyu". Karatasi ya darasa ilikaa kwenye mlango wa friji mpaka anafariki. Ilikuwa na sura mbili zilizochorwa, moja inacheka, nyingine imenuna, kila moja na neno lake la Kiingereza chini.

"Ile neno aliijua," mjomba akaendelea. "Mimi nikamwambia, mama, bon, rudi ndani, uwaambie si hivyo. Akakatala. Akasema, munganga alikuwa anamusikiliza mutoto na heshima, nimuhaibishe namna gani mbele yake? Akasema, tutarudi tena, tumepewa siku ingine. Akasema, ile siku mutoto atakuwa amejua Kingereza zaidi."

Siku nyingine ilikuwa imepangwa Desemba. Isimbi alikumbuka kadi yake, ilikuwa chini ya sumaku ileile, juu ya zile sura mbili.

"Hukuniambia," akasema. "Miaka yote hii."

"Aliniapisha. Halafu akakufa, na mtu aliyekufa utamuomba ruhusa wapi?" Mjomba akajifuta uso kwa kiganja. "Na mimi nilinyamaza, Isimbi. Ningempigia mama yako siku ile. Sikupiga."

Isimbi hakumsikia tena. Alikuwa Louisville, asubuhi, glasi ya maji mkononi, kidonge cheupe kwenye kiganja, na bibi anakipokea. Anakijua ni cha nini. Anajua si chake. Anakimeza mbele ya mtoto, kila asubuhi, wiki nane, kisha anamshika shavu. Aksanti, munganga wangu.

Mjomba alikuwa amewasha gari. Walikuwa wameanza kutoka kwenye maegesho Isimbi alipoinama, kifua kikigusa magoti.

"Mujomba," akasema. "Roho inaniluma."

Ruhimbika akasimamisha gari palepale katikati ya njia, wenye magari nyuma wakapiga honi. Akazima injini. Akamgeukia mpwa wake na mwili mzima.

"Wapi?" akauliza. "Nionyeshe wapi."