Kahawa ya Kunusa

Daktari alimwambia baba aache kahawa kabisa kwa sababu ya moyo. Baba alikuwa ameinywa chungu tangu ujana, alfajiri, kabla ya kwenda shambani kuamia ndege kwenye mpunga. Akauliza, "Na kunusa, daktari, nako kumekatazwa?" Daktari akacheka. Baba akakichukua kicheko kile kuwa ruhusa.

Basi mama akawa anakaanga buni kila asubuhi kwa ajili ya mume asiyekunywa. Baba alikaa mkekani, macho kayafumba, akitoa amri: "Geuza za pembeni. Haya epua, mama, zitaungua." Pua yake haikukosea. Kahawa ikishatwangwa na kuchemshwa na tangawizi, alimiminiwa jirani yeyote aliyepita na jembe lake, kwa sharti moja tu: ainywe mbele ya baba, polepole. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyezoea maziwa, alikunja uso.

"Shikamoo mzee. Hii dawa ya nini?"

"Marahaba. Dawa yangu mimi, wewe kunywa tu."

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alitutumia kwenye simu kila alichookota: leo kahawa inalinda ini, kesho inaua. Zilinikera habari zile. Mimi nilitaka kujua kama baba atauona mpunga ukivunwa, na hilo hakuna aliyelituma.

Masika yalipokolea, miguu yake ilivimba. Tukamhamishia chumba kinachopakana na jiko, mlango tukauacha wazi. Sauti ilififia, ila "geuza" yake bado ilitufikia, na kila nilipoisikia nilipata nguvu ya kwenda shambani.

Asubuhi moja mama alikaanga kama kawaida. Moshi ulijaa nyumba nzima, harufu ikafika barabarani, na jirani alikuwa keshasimama mlangoni akingoja kikombe chake. Baba kimya. Buni zikapasuka, zikawa nyeusi, na mama hakuepua. Alikuwa anamsubiri yeye. Nilitamani kumwambia baba aseme neno, lolote lile.

Mwishowe akageuza uso upande wetu, akauliza kwa upole, "Leo hamkaangi?"

Mama akajibu, "Mkaa umelowa, mzee wangu. Tutakaanga kesho."

"Haya. Kesho."

Mama akausimamisha mwiko ndani ya kikaango, ili baba asisikie buni zikigongana.