Koti Nililomchagulia Baba

Nguo za mitumba zina harufu yake, na anayeijua hahitaji kuelezwa. Ni harufu ya dawa ya nondo, ya sabuni za nchi nisizozijua, na ya kabati ambalo halijafunguliwa miaka mingi. Juzi nilipita karibu na muuzaji aliyekuwa akikata kamba za mtumba mpya. Harufu ile ikanivaa usoni, nikasimama katikati ya njia huku mashavu yananichoma kwa aibu, kana kwamba bado niko darasa la tano. Ngojeni niwaeleze kwa nini.

Kwetu ni Bahati, juu kidogo ya mji wa Nakuru. Baba alifuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mambo ya nguo hakuyajua kabisa. Aliyeyajua ni Mama. Jumamosi asubuhi alitushusha Nakuru, mimi na dada yangu mkubwa, Njeri, kabla jua halijapanda, maana alisema mitumba ni kama uji: anayechelewa hulamba sufuria.

Pale sokoni Mama aligeuka mtu mwingine. Aliinamia lundo lililomwagwa juu ya turubai, mikono ikachimba kama ya mtu anayevuna viazi. Akipata kitu alikigeuza ndani nje, akavuta mishono, akapandisha zipu na kuishusha, akatia mkono mifukoni kutafuta matundu. Mwisho, bila haya yoyote, alinusa makwapa. "Nguo hudanganya macho," alituambia, "lakini kwapa halidanganyi."

Halafu Mama akaugua, akafa, tukamzika wakati wa mvua ndefu. Baada ya hapo hakuna aliyenunua nguo nyumbani kwetu. Sketi yangu ya shule ilipanda juu ya magoti, na Baba akaendelea kuvaa sweta lililotoka nyuzi viwikoni.

Mwaka uliofuata Njeri alichumbiwa na kijana wa Njoro. Siku ikapangwa watu wa kijana waje kwetu kwa ruracio, kuzungumzia mahari. Siku hiyo ilipokaribia, Shangazi alimtazama Baba kutoka juu hadi chini.

"Kwani utapokea wageni na hiyo sweta?" akamwuliza. "Watafikiri tunauza msichana ndio tupate kula."

Baba alikohoa tu. Lakini jioni alinikuta jikoni nikimenya viazi, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Wambui, Jumamosi twende Nakuru. Wewe ndiye ulikuwa unatembea na mama yako huko. Utanichagulia koti."

Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyokua usiku mmoja. Tulipofika sokoni nilitembea mbele, Baba akinifuata, mikono nyuma, kama mtu aliyehudhuria mazishi ya mtu asiyemjua. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya lundo la makoti akipiga makofi. "Chagua, chagua! Mali ni safi, imefunguliwa saa hii!"

Niliinama, nikachimba. Nilitupa kando makoti mengi yenye vifungo vilivyokatika na vitambaa vilivyolika, mpaka mkono wangu ukagusa kitu laini. Lilikuwa koti la sufu, rangi yake kama chai iliyokolea, kola pana, na ndani bitana inayong'aa. Nikaligeuza, nikavuta mishono, nikakagua mifuko. Nikanusa makwapa. Yule kijana alicheka mpaka akakaribia kuanguka kutoka juu ya lundo lake. "Mzee, huyu wako ameiva!"

Baba alilivaa. Mabegani lilimkaa sawasawa. Kiunoni lilimbana kidogo, nikadhani ndio mtindo. Nilimzunguka, nikamvuta mikono, nikamwambia ajinyooshe. Kisha nikamwacha alipe, nikaenda kutazama viatu vya wasichana, kichwa changu kikiwa juu kama cha jogoo.

Siku ya ruracio, hema lilijaa. Wageni kutoka Njoro walikaa upande mmoja, sisi upande wa pili, na kutoka nyuma ya nyumba harufu ya nyama ilikuwa ikiwachelewesha wazee katika hesabu zao. Mimi nilikuwa nikipita na jagi na beseni, nikiwanawisha watu mikono. Baba akasimama kuwakaribisha wageni. Alikuwa amelipiga pasi lile koti mwenyewe, akalifunga vifungo vyote, na kusema kweli nilimwona mzuri kuliko wanaume wote waliokuwepo.

Kati ya wageni kulikuwa na mama mmoja mnene, fundi wa cherehani. Alikuwa amemkazia Baba macho kwa muda. Ghafla akainua mkono.

"Ngojeni kwanza. Kwani koti ya baba ya msichana inafungwa upande gani? Si hiyo ni ya akina mama?"

Watu wote walitazama. Hata mimi nilitazama, na mara nikaona kile ambacho Mama angekiona kabla ya kitu kingine chochote: vifungo vilikuwa upande wa kushoto, kama vya blauzi ya Shangazi.

"Karibu mathe!" akapaza sauti kijana mmoja wa upande wao, na hema lote likaangua kicheko. Wazee walicheka, akina mama walicheka wakipigana mabega, hata watu wetu walicheka. Baba aliinamisha macho akatazama vifungo vyake.

Nililiweka jagi chini, nikakimbia. Sikusimama mpaka nikafika zizini, nikajibanza nyuma ya marobota ya nyasi na ng'ombe wakinipumulia. Kicheko kilinifuata hadi huko. Kisha hema likanyamaza, nami nikakiona kimya hicho kuwa kibaya kuliko kicheko. Nikajua kwamba nimemwaibisha Baba mbele ya wakwe, na labda nimemharibia Njeri ndoa.

Ndoa haikuharibika. Njeri aliolewa, na nyumbani hakuna aliyelitaja lile koti. Kibaya ni kwamba Baba aliendelea kulivaa. Alilivaa kanisani kila Jumapili ya baridi, nami nikajifunza kukaa viti vya nyuma. Mara kwa mara aliniambia, "Wambui, twende Nakuru Jumamosi, kuna shati nataka unichagulie." Nilisema nina kazi ya shule. Nilisema tumbo linaniuma. Mwishowe akaacha kuniuliza.

Krismasi iliyopita Njeri alikuja nyumbani na watoto wake. Tulikuwa tukiosha vyombo nje, tukicheka mambo ya zamani, nami kwa mara ya kwanza nikalitaja koti. Njeri alinitazama, sahani mkononi.

"Kwani hukusikia chenye Baba alisema?"

Nikamwambia nilikuwa nimekimbia.

"Alingoja wamalize kucheka. Halafu akasema, 'Huyu mama ameona vizuri. Hii ni koti ya mama. Msichana wangu mdogo ndiye alinichagulia, na nimeona inafaa, kwa sababu leo baba ya Njeri ni mimi, na mama yake pia ni mimi.' Yule fundi alilia, Wambui. Hata chakula ilimshinda."

Nilikausha mikono, nikaenda alikokuwa Baba, amekaa juani kando ya ukuta. Nikamwuliza kama alijua tangu sokoni.

"Nilijua. Yule kijana aliniambia ukiwa kwa viatu."

"Na mbona hukukataa?"

"Tangu tuzike mama yako ulikuwa huongei. Siku hiyo uliongea kutoka sokoni mpaka hapa nyumbani, hukunyamaza hata kidogo. Nikikuambia twende tena Nakuru, si nguo nilikuwa nataka."

Sikukumbuka kwamba niliwahi kuacha kuongea. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa na kimya hicho, mezani, asubuhi na jioni. Nikamwambia twende Jumamosi hii, nitamshika mkono. Alicheka, akasugua goti, akasema soko la siku hizi lina watu wengi sana kwa miguu kama yake.

Nikakaa kando yake juani. Miaka yote hiyo alikuwa ametaka tu kunisikia nikiongea, na sasa nilipokuwa tayari kumpa chochote, sikupata neno.