Daftari la Vijana wa Vyama

Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, na mwalimu wangu alikuwa kijana ambaye nusura nimfukuzishe kazi. Habari hii naiandika kwa mkono wangu, polepole, na nikikosea mahali mtanisahihisha au mtaniacha, shauri yenu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa na hoteli Mbeya, karibu na stendi ya mabasi: meza nne, mabenchi, chai ya maziwa na maandazi asubuhi, wali maharage mchana. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mbao, siku nyingi yuko njia ya Sao Hill, kwa hiyo hoteli ilikuwa yangu na kauli ya hotelini ilikuwa yangu. Nina mdomo, sikatai. Mteja akilalamika kwamba chai imepoa, namwuliza alikuwa wapi ilipokuwa ya moto.

Nyuma ya hoteli palikuwa na chumba cha kuwekea magunia ya unga na mkaa. Chumba hicho ndicho kilichokuwa ofisi ya vijana wa vyama. Siku hizo watu walijiunga kwa kila jambo: kuna chama cha kuzikana, kuna ushirika wa kahawa, kuna darasa la kisomo cha watu wazima, kuna klabu ya kina mama. Wakubwa wa vyama hivyo walikuwa wazee, na wengi wao kalamu hawakuijua, basi kila chama kilimtafuta kijana aliyesoma kiasi, kikampa meza, wino na lawama. Hakuwa mtu wa serikali wala mtu wa duka la Mhindi. Alikuwa mtu wa watu, na posho yake ilikuwa ya kuchekesha.

Lakini shida yao kubwa haikuwa posho, ilikuwa upweke. Kijana yuko peke yake na chama chake, ana jambo limemkwama, na hana wa kumwuliza. Mzee atamwambia wewe si ndiye uliyesoma. Ndipo vijana kama kumi, wa Mbeya na wa Iringa, wakaamua kushikana. Hakuna aliyewatuma, na hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Walikutana kila baada ya miezi mitatu, mara kwetu, mara Iringa, na katikati ya mikutano waliandikiana katika daftari moja lililosafiri kwa basi. Mwenye swali aliliandika upande wa mbele wa karatasi, akaacha upande wa nyuma mtupu. Daftari likienda Iringa, mwenye jibu anageuza karatasi na kuandika nyuma. Dereva wa basi analibeba kwenye karatasi ya kaki, analiacha kwangu, nami naliweka kwenye rafu ya vikombe mpaka mwenyewe aje.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika umoja wao: rafu, chumba, chai, na mikeka. Wa Iringa wakija walilala kwangu, wasichana wakilala nami na wanaume wakilala na magunia. Mara moja nilikwenda nao Iringa. Siku nzima barabarani, Makambako tukashuka kutetemeka kwa baridi, tukafika Iringa vumbi limetubadilisha rangi hata mwenyeji wetu akauliza mama yuko wapi. Niliwasikiliza wakijadiliana, mwenye Kihehe chake, mwenye Kinyakyusa chake, wanakutana katika Kiswahili cha kuokoteza, na hakuna anayemcheka mwenzake isipokuwa mimi. Niliwapenda. Kichwa kilinivimba kwa ajili yao kuliko wazazi wao, na sioni haya kusema.

Katibu wa chama cha kuzikana alikuwa kijana wa Tukuyu, Mkristo, amesoma misheni mpaka darasa la nane. Chama kile kilikuwa cha watu wa mjini walio mbali na kwao, Waislamu kwa Wakristo, na kila mmoja alizikwa kwa dini yake. Mwenyekiti alikuwa mzee wa pwani, darzi wa kanzu, ambaye sanda zote za Waislamu wa chama zilipita kwenye mkasi wake. Mke wake alikwisha kutangulia, na watoto hawakujaliwa. Alikuwa mtu wa heshima sana na maneno machache. Habari za wanachama alizihifadhi kichwani: fulani akifa taarifa iende wapi, kwa nani, kwa basi lipi. Katibu alimwomba mara nyingi waziandike. Mzee alikataa, na sababu hakuitoa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jumatano moja daftari lilifika kutoka Iringa, nikaliweka kwenye rafu. Baada ya sala ya alasiri mzee alikuja kunywa chai yake ya tangawizi. Na mimi wiki hiyo nilikuwa na donge, maana watu mtaani walikuwa wananong'ona kwamba nimefuga vijana chumbani wanaowasengenya wazee. Nikaona hapa ndipo pa kuwafunga watu midomo. Mzee alijua kusoma, alisoma shule ya Wajerumani pwani. Nikalitoa daftari, nikalifungua mahali penye wino wa kijani, maana wino wa kijani nilijua ni wa katibu wake, nikamwekea mbele.

"Baba, hebu tazama mwandiko wa kijana wako," nikasema. "Tazama alivyopanga mistari."

Mzee akavaa miwani. Macho yakaenda mwisho wa ukurasa, yakarudi juu, yakaenda tena.

"Hii kaandika yeye?" akauliza.

"Yeye mwenyewe. Nani mwingine ana mkono kama huo?"

Akalifunga daftari, akalitia kwapani, akaondoka. Chai hakuimaliza. Na mimi, mwanamke mzima, nikafurahi. Nilidhani anakwenda kuwaonyesha wazee wenzake.

Kesho yake asubuhi katibu akaja kuchukua daftari. Nilipomwambia liliko, uso ulimshuka, akakaa kwenye benchi bila kuombwa.

"Mama, umenimaliza," akasema.

"Nimekumaliza nini? Nimekusifu."

Ndipo aliponiambia alichoandika. Aliandika kwamba mwenyekiti wake ni mkaidi, kwamba hataki majina ya ndugu wa wanachama yaandikwe ili watu waone bila yeye hakuna chama, na kwamba akifa nayo kichwani watu watazikwa kama hawana wenyewe. Halafu akauliza afanye nini.  Nikamgombeza kwa kuandika maneno kama hayo, nikagombeza mpaka nikachoka, naye akaniacha nimalize.

"Sikuwa na wa kumwuliza, mama," akasema. "Ndiyo maana tuna lile daftari."

Nikamtilia chai, nikaenda kuosha vikombe.  Jioni ikaja salamu ya mzee: Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri anawataka vijana wote hapo hotelini, na katibu aje na ufunguo wa sanduku la chama. Tulielewa sote. Kijana anafukuzwa. Na si yeye tu, kwa sababu mzee alikwisha kuzungumza na mwenyekiti wa darasa la kisomo, mkulima wa upande wa Ilomba, na huyo akimtoa mwalimu wake, wengine wangefuata. Umoja wao wote ungekufa kwa sababu mimi nilitaka kujitapa.

Bahati ni kwamba zamu ya kukutana ilikuwa yetu. Basi la Iringa likaingia Ijumaa likiwa limechelewa kwa matope, likatuletea wanne. Kati yao alikuwemo msichana wa Kihehe, mwalimu wa klabu ya kina mama Iringa mjini, mwembamba, sauti ya chini, mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. Nikawaeleza kosa langu nikilia. Yule msichana akaniuliza jambo moja tu: mzee alisoma mpaka wapi? Nikamwambia nitajuaje, mimi naona mistari tu.

Jumamosi nilifunga hoteli mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata nilipougua. Mzee akaja na yule mkulima, wakakaa upande mmoja wa meza, vijana wakasimama upande wa pili. Daftari akaliweka mezani. Kabla hajafungua kinywa nikasema, "Baba, aliyetoa daftari ni mimi. Kama kuna wa kuadhibiwa nianze mimi."

"Najua ni wewe, binti. Kaa."

Nikakaa.

Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema amewazika watu wa mji huu tangu kabla ya vijana hawa kuzaliwa, na hakupata kumvunjia mtu heshima. Alisema kijana anayemwandika mkubwa wake vibaya na kumpeleka Iringa kwa basi hawezi kushika siri za marehemu. Mkulima akaitikia kwa kichwa. Kisha mzee akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Katibu akautoa mfukoni, akauweka mezani. Hakujitetea. Alisema tu, "Nisamehe, mzee. Niliandika kwa hasira."

Yule msichana wa Iringa akasogea mbele, akapiga goti kama desturi ya kwao, akawasalimu wazee wote wawili.

"Baba," akasema, "ulisoma mpaka ukurasa gani?"

"Mpaka nilipotukanwa. Ungetaka niendelee?"

"Swali liko mbele, baba, jibu liko nyuma ya karatasi. Naomba ruhusa nisome."

Mzee akalisukuma daftari kwake. Msichana akaigeuza karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ya chini. Maneno yale nayakumbuka kama yalivyo, maana baadaye, katibu aliponifundisha kusoma, niliyasoma mwenyewe mara nyingi.

"Mwenzangu, hasira iweke kando. Darasani kwangu kulikuwa na bibi mmoja wa hapa mjini. Siku moja nilimwuliza babu zake walitoka wapi, nikaandika ubaoni. Hakurudi tena. Nilimwona ana maringo, mpaka mama mmoja akanieleza kwamba mjini humu wako watu ambao wazee wao hawakuja, waliletwa. Huenda mwenyekiti wako haringi. Huenda anawafichia watu aibu ambayo si yao. Usiulize mtu katoka wapi. Uliza akipatwa na jambo, nani apelekewe habari. Basi. Na kabla ya yote, nenda kamwombe mzee radhi kwa ulivyomfikiria moyoni mwako."

Akalifunga. Mkulima alikuwa anatazama chini. Mimi niligundua nimelishika gauni langu kwa mikono miwili.

"Nani kaandika hayo?" mzee akauliza.

"Mimi, baba."

Akamgeukia katibu. "Na wewe ulikwisha kulisoma jibu hili?"

"Bado, mzee. Lilifika Jumatano. Nilipolifuata Alhamisi, lilikuwa kwako."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akaivua tena. Niliwatazama wale vijana wamesimama mstari mmoja mbele ya rafu yangu ya vikombe, wenye viatu na wasio na viatu, na pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo nilijivuna. Hawakuwa na mkubwa wa kuwafundisha. Walifundishana wenyewe, tena walifundishana adabu, na sisi tulidhani wanasengenya.

Ufunguo ulikuwa bado mezani. Mzee akausukuma kwa kidole ukafika mbele ya katibu.

"Chukua," akasema. "Una kalamu?"

"Ninayo, mzee."

"Basi uliza kama alivyokuelekeza dada yako. Anza na mimi."

Katibu akafungua ukurasa mpya. Akaandika tarehe.

"Mzee, ukipatwa na jambo, nani apelekewe habari?"

Mzee akaikunja miwani, akaiweka mezani. Miaka yote niliyomjua, na chai zote alizokunywa kwangu, sikupata kumwuliza kwao wapi, wala hakusema.

"Mama yangu alinunuliwa Bagamoyo akiwa mtoto," akasema. "Kwao hakukumbuka, hata jina la mto. Ndugu sina wa kupelekewa habari."

Katibu akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. 

"Andika," mzee akamwambia. "Andika jina lako."