Nyumba Yenye Mutu Ndani

Nimechoka, niseme tu. Tangu tulikimbia vita kule Beni, tulikuwa tunalala mu chumba ya kuazima nyuma ya kanisa, hapa Butembo. Batoto balizoea kupiga hodi kila fasi, hata bakienda kuomba maji. Nikabaahidia: tutapata nyumba yetu, na kule hakuna mutu atapiga hodi.

Koperative moja ilikuwa na nyumba ya kuuzisha. Iliikamata kwa mutu aliyeshindwa kulipa mukopo. Yeye akakufa, mama yake muzee akabaki ndani. Ndiyo sababu bei ilianguka. Mais, lakini pesa, nitoe wapi? Nilikuwa tu na shamba ya miti kule Masereka, baba aliniachia. Gérant, mukubwa wa koperative, akasema, "Papa, leta shamba, chukua nyumba. Kutosha ule mama inje ya nyumba, ile ni kazi yako." Nikatia sahihi. Baba anisamehe.

Bibi yangu, mama ya batoto, alinionya, "Ukienda kwa ule mama muzee, usikule." Kwetu, ukishakula bugali ya mikono ya mutu, utamufukuza na sura gani? Quartier nzima, majirani bote, itakusema. Nilijua. Nani hajui?

Mais siku ile nilitoka Masereka kuonesha gérant mipaka ya shamba, mvua ilininyeshea njia yote. Nikapita ku ile nyumba, nimuambie mama atoke. Mama muzee akafungua mulango, akaniangalia. "Aka, Papa! Maneno ya nyumba itangoja. Kwanza ukule." Bugali ya moto, sombe, kasamaki kadogo. Njaa haina haya. Nikakula. Karatasi ya koperative ya kumutosha ilikuwa mu mufuko, ikabaki mule mule.

Ku chumba yetu nyuma ya kanisa, bibi yangu alisikia harufu ya samaki ku vidole vyangu, akakaa chini. "Umekula," akasema. Hata hakukasirika, donc nikajua yeye pia amechoka.

Sasa tunaishi mu ile nyumba sote. Mama muzee iko na salon na chumba kubwa, sisi tuko mu vyumba vya nyuma. Anapikia batoto, anabaombea. Ile ndiyo inaniuma zaidi: siwezi hata kumuchukia!

Jana nilitoka soko, nikakuta kamutoto kangu ka mwisho kamesimama ku mulango, kanalowa na mvua. "Hodi?" Nilitaka kukapigia kelele: ingia, ni kwenu! Mais sauti ya mama muzee ikajibu kutoka ndani, "Karibu, mwana wangu." Kakaingia, mulango ukafungwa.

Nikapanguza viatu. Nikapiga hodi.