Tarehe ya Humo Ndani

Marehemu mume wangu alifundisha kwaya kanisani kwetu Newala. Nyimbo zake alizitungia kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa chumbani kwetu, karibu na dirisha. Wiki chache baada ya mazishi kompyuta nayo ikagoma kuwaka. Fundi wa Mkomaindo, kule Masasi, akaichukua, akanipigia simu kwamba kilichosalimika ni diski tu, nayo inaumwa. Humo ndimo ulimokuwa wimbo wake wa mwisho. Kwaya ilitaka kuuimba siku ya kusimika msalaba kaburini, na mimi nilikuwa nimeshawaambia utapatikana.

Fundi huyo ni mtani wetu. Niliposhuka Masasi hakungoja hata nikae.

"Karibu, mjane. Hata kompyuta imemfuata bwana wake, wewe umebaki unafanya nini?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Akanieleza kwamba programu ile ya kuandikia nyimbo haizijui kompyuta za siku hizi. Itabidi aidanganye: ndani ya kompyuta mpya atengeneze nyingine ya kuigiza, ya kizamani, ili programu idhani iko kwao.

"Wimbo hauwezi kufutika?"

"Ninafanyia kwenye nakala. Lakini diski inakwaruza, kuna mahali nakala haikukamilika. Sikuahidi."

Kicheko kikanikauka.

Kwenye kioo kikafunguka kidirisha chenye rangi ileile ya bluu niliyokuwa nikiiona kutoka kitandani. Programu ikakataa, ikasema muda wake wa kutumika umekwisha. Fundi akairudisha nyuma saa ya kile kidirisha. Chini pembeni ikatokea tarehe ya mwaka ule tulioezeka jiko, mume wangu akiwa mzima, akipanda ngazi mwenyewe. Humo ndani mimi sikuwa mjane. Niliogopa kugeuka, nisije nikamkuta mlangoni akiuliza nani amemruhusu mtu kugusa vitu vyake.

Fundi aliniona. "Akitokea, mwambie mimi sikumwita. Umemwita wewe."

"Acha, mtani."

Wimbo ukafunguka, lakini mahali pa do re mi palijaa visanduku vitupu. Nikajua umekwenda. Fundi akasema hapana, ni herufi za nota tu hazimo kwenye kompyuta ile ya kuigiza. Akazitafuta kwenye diski, tukasikiliza inavyokwaruza. Hatimaye visanduku vikageuka nota. Akabonyeza wimbo ucheze. Sauti ikatoka nzito, ikiburuzika, inakatika na kuanza tena. Kompyuta ya kuigiza ilishindwa kwenda na mwendo wa wimbo. Mume wangu alizungumza hivyo siku zake za mwisho, kifua kikimbana.

"Zima sauti. Nakuomba."

Akazima. Nikapiga picha za kurasa kwa simu, haraka, maana kidirisha kilikuwa kinaganda. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya pili, ya tatu. Mstari wa besi ulikuwa mtupu. Besi mume wangu alikuwa akiimba mwenyewe, hakuona haja ya kuiandika.

"Nifunge?" fundi aliuliza.

Niliitazama ile tarehe. "Ukifunga, inakuwaje?"

"Tunarudi leo."

Safari hii hakutania. Aliondoa mkono wake kwenye kipanya, akangoja. Nilikaa hapo hadi soda ya baridi aliyoniletea ikawa vuguvugu, ndipo nikamwambia afunge, nikageuzia uso barabarani.